Maji Yamepata Joto

Kama ulisoma katika shule yetu pale Nakuru miaka ile simu zilikuwa bado za kubonyeza, basi unamkumbuka akivuka uwanja. Kengele ikilia, walimu wengine walitoka ofisini mbiombio na vitabu kwapani, naye alikuwa bado anafunga vifungo vya koti la maabara. Kisha alishuka ngazi. Ya kwanza, akasimama. Ya pili, akasimama. Mwenzake akimpita na kumwambia, "Mwalimu, umechelewa," alijibu, "Sijachelewa, niko njiani," na kushuka ya tatu. Alipofika maabara, robo ya kipindi ilikuwa imekwenda na maji. Hapo ndipo alipotufundisha, kwa mwendo ule ule, jambo alilolipenda kuliko yote duniani, yaani jinsi misuli ya samaki inavyofanya kazi haraka.

Huyo alikuwa mwalimu wetu wa Biolojia. Shule ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Nami nilimkosea mtu huyo. Nilimkosea kwa rula ya chuma, mbele ya afisa wa elimu, na kwa miaka karibu ishirini nilitafuta nafasi ya kumwambia, huku nikiomba nafasi hiyo isipatikane. Nitafika huko. Kwanza mumjue.

Alikuwa mtu wa vipimo. Mfuko wa shati lake ulibeba kalamu mbili, na katikati yake kipimajoto cha kioo ndani ya ala ya plastiki. Kipimajoto hicho kilitumbukizwa katika kila kitu: maji ya samaki, chai ya walimu, uji wetu, na siku moja supu ya mgeni wa heshima aliyekuwa ameshaanza kuinywa. Ukimwuliza kama leo kuna baridi, hakujibu kabla ya kukitoa. Mwalimu mkuu akisema kwenye paredi kwamba shule nzima imefurahia matokeo, sauti ilitoka nyuma pole pole: "Si nzima. Wawili wako kwa matron, wanaumwa na tumbo." Uongo hakuujua, hata ule mdogo tunaosaidiana nao maishani. Mwalimu wa Kiswahili alipomletea picha za mtoto wake mchanga, aliziangalia moja moja, akazirudisha na kusema, "Ako na afya." Mama yule alingoja neno la pili, akangoja, mwisho akazitia picha mkobani na kuondoka.

Ijumaa alinunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja karibu na soko, akamleta maabara amefungwa kwa gazeti. Sisi tuliotoka Mau Narok tulijua viazi vya kila aina, tulijua ngano na kondoo. Samaki hatukumjua. Nyanya yangu alimweka fungu moja na nyoka, na fungu hilo halikuingia jikoni kwake mpaka anakufa. Basi Ijumaa nilikaa nyuma kabisa, nimeziba pua kwa mkono wa sweta, huku wale ambao wazazi wao walitoka upande wa magharibi wakisogea mbele kabla hawajaitwa. Kwao hilo ndilo lililokuwa somo pekee lenye mboga.

Sheria ilitaka afundishe kwa Kiingereza, na alifundisha, lakini akifika kwenye misuli Kiingereza kilimwishia. Alifungua samaki kwa kucha ya kidole gumba.

"Oneni hapa. Hii yote nyeupe ndiyo watu wanalipia. Inafanya kazi haraka kuliko kitu chochote unacho mwilini. Samaki akishtuka, upande mmoja wote unakaza mara moja. Anajikunja, anajikunjua, ameenda. Wewe hapo bado unapepesa jicho." Kisha alifunua ngozi ya ubavuni na kuonyesha utepe mwembamba wa nyama ya rangi nzito, ambao usipoelekezwa huwezi kuuona. "Na hii ni nyekundu. Kidogo tu. Hii haina haraka. Lakini samaki akitembea mchana kutwa, ni hii inamtembeza. Ile nyeupe ikifanya kazi dakika chache imechoka, inataka kupumzika. Hii haichoki."

Nyama nyeupe aliigawa kwa waliokuwa mbele. Utepe ule aliubakisha, na wanafunzi wakitoka alikuwa bado anautafuna.

Kama angeishia kwa samaki, hakungekuwa na neno. Lakini aligawa ulimwengu wote kwa nyama hizo mbili. Mwalimu mkuu alikuwa nyeupe: muhula ukifunguliwa, amri kumi kwa siku, ukikaribia kufungwa, hata ofisi yake imefungwa. Wagombea wa viti walikuwa nyeupe kutoka kichwani mpaka mkiani. Mpishi wetu, aliyekoroga sufuria ile ile tangu shule ijengwe, alikuwa nyekundu. Wasichana waliorusha mikono kabla swali halijaisha walikuwa nyeupe, na aliwaambia hivyo, nao walifurahi, kwa sababu nani hapendi kuambiwa ana kasi.

Mimi sikuwa wa kurusha mkono. Siku moja, kidato cha tatu, aliniuliza kuhusu matamvua, yaani yale samaki anayopumulia. Nikasimama. Nikafikiri. Darasa likaanza kukohoa, mtu mmoja akajifanya anakoroma, na mimi bado nafikiri. Kengele ilipokaribia nilijibu, na nilijibu sawa.

"Wewe," akasema Mwalimu, "ni nyama nyekundu."

Darasa lilikufa kwa kicheko. Na mimi, ambaye samaki sikuwahi kumtia mdomoni, ambaye utepe ule niliuona kwa mbali huku nimeziba pua, nilijua mambo matatu tu kuuhusu: ni mdogo, ni mweusi-mweusi, na ni wa pole pole. Watoto wa samaki, wale wa mbele, pengine walielewa zaidi, lakini hawakuniambia. Kuanzia siku hiyo bwenini niliitwa Nyekundu. Yeye mwenyewe akikutana nami kwenye ukumbi alisema, "Nyekundu, habari?" kwa sauti ambayo niliamua ni ya dharau. Nilimchukia muhula mzima, na muhula una wiki nyingi sana kwa mtu anayelala shuleni.

Ajabu ni kwamba bwana huyu wa samaki aliogopa maji. Tulipopelekwa upande wa Gilgil kuona mabwawa ya mfugaji mmoja, alisimama mbali na ukingo na kutufundisha kutoka huko kwa kupaza sauti, mpaka mfugaji akamwuliza kama miguu inamsumbua. "Miguu iko sawa," akajibu. "Ni hofu." Kuogelea hakujua. Ndoano aliichukia, alisema ni kumdanganya samaki na kumwita chakula. Mvuvi wa heshima, kwa maoni yake, humshika samaki kwa mkono mtupu, na hilo linawezekana kabisa kwa mtu anayeelewa misuli.

Alilisema kila mwaka, kwa kila kidato cha tatu. "Samaki haendi anakotaka. Anaenda anakolazimika. Mshtue kutoka kushoto: misuli ya kulia inakaza, kichwa kinageuka kulia. Kila mara. Kwa hivyo mkono wako usimkimbize, hutamfikia. Kidole cha kushoto kimshtue, mkono wa kulia umngoje. Atajileta." Alidai aliwahi kufanya hivyo utotoni. Hakuna aliyekuwa ameona. Kila mwaka wanafunzi walicheka, naye aliwangoja wamalize.

Sasa tulikuwa na tangi la kioo dirishani mwa maabara, na ndani yake samaki watano aina ya ngege. Yeye ndiye aliyewalisha, hata likizo, akiacha kwake na kuja kwa miguu. Mwalimu mkuu alitaka tangi liondoke. Lilinuka, alisema, na pampu yake ilikula stima. Mwalimu naye alikuwa ameandika barua akiomba tangi libaki, tena bwawa lichimbwe nyuma ya maabara. Afisa wa elimu ndiye angekuja kuamua, na Mwalimu akaapa kumwonyesha, kwa macho yake, samaki akishikwa kwa mkono mtupu. Shule yote ilijua kwamba akishindwa, tangi limekwenda.

Alichagua kipindi cha kwanza, kwa sababu asubuhi maji ni baridi, na baridi hupunguza kidogo kasi ya misuli ya samaki. "Nataka mkono wa binadamu upate haki kidogo," alituambia. Alitumbukiza kipimajoto, akaandika ubaoni. Afisa akaja baada ya chai. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Mwalimu alitumbukiza kipimajoto tena, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila kuandika kitu.

Alikunja mikono ya shati na kuishusha majini, pole pole, mpaka nilidhani amelala. Wenzangu walijazana mbele. Mimi nilibaki peke yangu kwenye ncha ya benchi, ubavuni mwa tangi, upande wake wa kulia, na rula ilikuwa mkononi. Ngege mkubwa alikuja akasimama katikati ya mikono miwili. Hata mwalimu mkuu aliacha kupumua. Sikupanga, nilijiambia baadaye. Lakini ukweli ni kwamba nilipanga kwa kama dakika moja hivi, na dakika moja inatosha sana mtu kujizuia. Kabla kidole chake cha kushoto hakijasogea, niligonga kioo mara moja. Ti.

Samaki alikwenda kushoto. Aliruka juu ya maji, juu ya kioo, akatua kwenye faili la afisa lililokuwa wazi magotini, na afisa, ambaye nadhani kwao pia samaki hakuingia jikoni, alipiga ukemi ambao mpishi aliusikia. Faili huku, kiti huku, samaki akipiga mkia chini ya meza. Tulicheka mpaka tukalia. Nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu mtu aliyefanya kosa hucheka zaidi.

Mwalimu alikuwa bado na mikono majini. Alimtazama samaki, akatazama maji, akageuka upande wa kulia kwa mwendo wake ule. Nilikuwa nimeshaificha rula chini ya kitabu. Kisha akamgeukia afisa.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Maji yamepata joto."

Tangi lilihamia jikoni, likawekwa kabichi. Samaki waliliwa na nani, sikuuliza. Mwalimu aliondolewa kidato cha nne, akapewa somo la kilimo kidato cha kwanza, akafundisha sungura, na nasikia hao pia aliwapima joto. Lakini kilichodumu ni yale maneno. Mtu akifeli hesabu, maji yamepata joto. Uji ukiungua, maji yamepata joto. Mwalimu mkuu mwenyewe aliyatumia kwenye paredi gari la shule lilipokataa kuwaka, na mia sita wakacheka, na yeye amesimama pale nyuma na kipimajoto chake mfukoni. Hakuinua mkono kusahihisha. Niliangalia viatu vyangu. Ndipo nilipoanza kujua uzito wa nilichofanya, lakini kumwendea na kusema sikuweza. Miguu ilikuwa sawa. Ilikuwa ni hofu.

Siku hizi nina duka la chakula cha mifugo Rongai. Mwaka huu aliingia mama mmoja wa makamo ya kustaafu, mwenye leso kichwani, akataka chakula cha samaki.

"Si ya kuku, mami," akaniambia. "Mzee wangu nikimpelekea ya kuku ataijua. Na ameniambia niulize stoo yako iko na joto gani."

"Joto?"

"Mimi nimetumwa tu. Amesema kama gunia limekaa kwa jua nisichukue."

Nikamwuliza, "Mzee wako alikuwa mwalimu?"

"Bado ni mwalimu," akasema. "Ni shule tu ilimwacha."

Aliniambia walihamia huku alipostaafu, kwamba ana bwawa nyuma ya nyumba, na kwamba mwaka juzi alipatwa na kiharusi. "Hiyo mkono ya kulia ilikataa. Lakini mdomo iko sawa, usijali." Nikamwambia asibebe gunia, nitalileta mwenyewe Jumamosi asubuhi. Siku tatu zile nilifanya mazoezi ya maneno yangu mbele ya magunia, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa lugha ya mama.

Nilimkuta nyuma ya mahindi, kwenye kiti cha plastiki, hatua kadhaa kutoka ukingo wa bwawa, kama kawaida yake. Mbele yake palikuwa na karai kubwa la maji juu ya kigoda, na ndani ngege mmoja. Mkono wa kulia ulilala pajani. Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili, na katikati yake kile nilichojua kitakuwapo.

"Nyekundu," akasema kabla sijamsalimia. "Umenona."

Mkewe akamkemea. Mimi nikaweka gunia chini, na hotuba yote niliyoandaa ikapotea.

"Mwalimu, ile siku ya afisa. Ni mimi niligonga kioo. Na rula."

"Najua."

"Uliniona?"

"Sikukuona. Nilikuwa naangalia samaki." Alivuta pumzi, maana maneno sasa yalimgharimu. "Alienda kushoto. Kidole changu kilikuwa hakijasonga. Samaki akienda kushoto, ameshtuliwa kutoka kulia. Na kulia ulikuwa wewe peke yako. Samaki hawezi kudanganya, hana muda."

Kumbe kwa miaka yote ile nilibeba siri ambayo samaki alikuwa ameshaitoa kabla hata hajatua kwenye faili.

"Na maji?" nikauliza. "Yalikuwa yamepata joto?"

"Maji yalikuwa sawa. Si nilikuwa nimepima."

"Kwa hivyo ulidanganya."

"Mara moja." Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa zamani. "Mkuu alikuwa nyeupe. Angekufukuza kwanza, afikirie baadaye. Na wewe nilikuwa nimekuhesabu kwa wale wataendelea."

Nikamwambia basi jambo la pili, lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nilifanya vile kwa sababu aliniita nyama nyekundu mbele ya watu, na niliona amenitukana.  

"Lakini hiyo ndiyo bora," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa naweka nikule mwisho."

Nililia pale, mwanamke mzima mwenye duka, mbele ya karai. Mkewe aliniletea kitambaa cha jikoni na kumwambia, "Ona sasa umeliza mgeni," naye akasema hakuliza mtu, ameeleza tu. Kisha akaniambia nikunje mkono wa sweta.

"Ule wa kulia. Mimi wangu umekataa. Wa kushoto bado uko."

Nilimwambia mimi samaki hata leo namwuzia chakula tu, kumgusa sijawahi. Hakunisikia. Aliusogeza mkono wake wa kushoto majini kwa mwendo ule wa kushuka ngazi, nikashusha wangu upande wa kulia, kiganja wazi. Maji yalinikata mifupa. Ngege alitusogelea, akasimama kati yetu, mapezi yake yakipepea kidogo kidogo. Mwalimu alikuwa anahema. Mkewe alisimama mlangoni na sufuria mkononi, na nikafahamu kwa jinsi alivyoacha kusema kwamba wawili hawa walikuwa wameningoja, au walikuwa wamemngoja mtu yeyote mwenye mkono.

Kidole chake kikasogea. Sikuona kitu. Nilisikia tu pigo, zito, katikati kabisa ya kiganja changu, kisha vidole vyangu vikafunga maji matupu na uso wangu ukalowa.

"Amegusa?" akauliza Mwalimu.

"Amegusa."

"Wapi?"

"Hapa. Katikati."

Alifumba macho. Midomo yake, ule upande uliokuwa bado unamsikia, ilicheka. Tulikaa hivyo mpaka maji ya karai yakatulia na samaki akarudi mahali pake.

"Lakini hukushika," akasema.

"Maji yamepata joto, Mwalimu."

Akafungua macho. Kwa mkono wa kushoto akachomoa kipimajoto mfukoni, akakitia kwenye karai, akangoja, akakiinua karibu na jicho, akakigeuza kwenye mwanga na kukisoma kwa muda mrefu sana.

"Hapana," akasema. "Ni wewe. Rudia."